Kabla Uongeze Farasi, Tafuta Wale Wamepotea

Wasee, likizo ikikaribia sisi wa Salama hatuhitaji kalenda. Tunasikia tu. Subaru zinateremka Mombasa Road kuelekea pwani, eksosi zinapiga kama risasi, na watoto wanakimbia kando ya barabara kuziona. Wiki inayofuata maboyz wa hapa wananiuliza swali lile lile: buda, hii gari yangu haina turbo, naiongezea nguvu aje?

Swali ni poa. Majibu wanayopewa ndiyo noma. Wengi wanajifunza kutoka kwa video za Marekani, jamaa ana V8 ya lita tano, anabadilisha kamshafti na eksosi, anapata farasi 50 kabla ya chakula cha mchana. Halafu msee wa Salama mwenye Probox anatoa simu na kupiga hesabu kana kwamba injini ni ile ile.

Niliacha chuo mwaka wa pili, nikiwa nasomea uhandisi wa mitambo. Karo ilikataa, na camera ikaanza kulipa. Lakini kuna kitu kimoja cha darasani kilinikaa: injini ni pampu ya hewa. Petroli ni rahisi kuongeza, kompyuta ya gari inamwaga tu. Kazi ni hewa. Injini yenye turbo inasukumiwa hewa ndani. Isiyo na turbo inavuta yenyewe, pistoni ikishuka, vile wewe hunyonya soda kwa mrija. Injini ya lita 1.5 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inavuta kama lita 4,500 za hewa katika dakika hiyo. Fikiria lile tangi jeusi la maji la lita 5,000 liko pale nyumbani. Karibu lijae, kila dakika. V8 ya lita tano kwa mwendo huo inameza matangi matatu.

Sasa unaona mbona Mmarekani anapata farasi kwa urahisi. Ana pampu kubwa, na mara nyingi kiwanda kiliiacha imelegea kidogo ili iwe tulivu na idumu. Ford Mustang ya V8 ya kuanzia 2015, ambayo ndiyo ilianza kutengenezwa na usukani wa kulia kutoka kiwandani, inatoa zaidi ya farasi 400 bila turbo. Injini ya Probox ya 1.5, ile 1NZ, ilitoka Japani na farasi kama 109, na Toyota walikuwa wameshaikamua vizuri. Hakuna mahali umefichiwa farasi 50.

Na hao 109 walihesabiwa katika hewa ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Piga hesabu, unabaki na farasi kama 92. Ndiyo maana gari ile ile inahisi tofauti ukifika Mombasa, hata kama joto la huko nalo linakula faida kidogo. Hapa lazima niwe mkweli kwa watu wa turbo: huku juu wanatushinda kihalali. Turbo inarudisha hewa ambayo mlima umeiba. Kama una pesa ya turbo, ya kuiwekea injini imara, na ya kuitunza, sina neno.

Bro wangu mkubwa hana. Ana Probox ya mkopo wa sacco. Inabeba embe msimu ukifika, na siku zingine inabeba chochote chenye kulipa. Mwaka huu ilianza kuchoka kwenye kile kilima cha hapa. Mtu ambaye hajaendesha Salama hataelewa mbona hii ni stori ya maisha na kifo. Barabara ni ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mbele yako kuna trela inapanda kwa mwendo wa mtu na punda wake. Unatoka kuipita, na nguvu ya injini yako ndiyo inaamua utakaa upande wa wenyewe kwa sekunde ngapi. Sekunde hizo mama hulala akizifikiria.

Kwa hivyo bro alikuwa ameamua. Eksosi kubwa, na ile filta ya hewa ya umbo la koni. Pesa ilikuwa tayari kwa M-Pesa.

Nilimwambia hivi. Koni ukiifunga ndani ya boneti bila kinga, inavuta hewa ya moto iliyopita kwa radieta na injini. Hewa ikipata joto inapanuka, inakuwa nyepesi. Ikizidi digrii 30 umepoteza karibu asilimia kumi ya hewa, yaani umenunua kelele na ukapanda mlima mwingine bila kuondoka Salama. Lile boksi la plastiki bovu-bovu la kiwandani lina mrija unaovuta hewa baridi kutoka mbele ya gari. Na vumbi la barabara zetu za ndani ni laini kama unga. Koni ya bei rahisi inalipitisha, na linasugua silinda kama msasa.

Eksosi nayo? Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unapunguza kasi, na injini ndogo inaishiwa nguvu pale chini. Kuna pale juu na kuna pale chini, na hii ndiyo sehemu video hazisemi. Namba ya farasi inayotangazwa ni ya mzunguko mmoja tu, kwa kawaida karibu na mwisho wa geji. Kamshafti kali inafanya vivyo hivyo: inaacha vavu wazi kwa muda mrefu, injini inapumua vizuri ikiwa kwa 6,500, lakini kwa 2,500 inatetemeka kama mtu wa malaria. Sasa niambie, na magunia ya embe nyuma, kilima cha Salama unakipanda kwa ngapi?

Kuna fundi mzee hapa, si mtu wa maneno mengi. Tulipomfikia alimwambia bro, “Kijana, kwanza tuone kama ni mgonjwa. Mambo ya kumfanya mwanariadha baadaye.” Akatoa plagi zote nne, akaweka geji ya kompresheni silinda moja baada ya nyingine. Namba zilikaribiana. Hiyo ndiyo habari njema kuliko zote, maana ingekuwa silinda moja iko chini sana, hakuna eksosi duniani ingesaidia.

Plagi zilikuwa zimelika. Filta ya hewa ilikuwa na rangi ya udongo. Sensa inayopima hewa inayoingia ilikuwa na utando wa uchafu, kwa hivyo kompyuta ilikuwa inadanganywa kuhusu hewa na inaweka petroli isiyo sawa. Alipofungua mahali pa thamostati, hakukuwa na kitu. Fundi wa kwanza, wa mji mwingine, aliitoa zamani. Wengi huku wanafanya hivyo, na sababu ni ile ile: joto lote hili, ya nini?

Hii imani inaniudhi. Thamostati haipoeshi injini. Inafunga maji mpaka yafike kama digrii 82, ndiyo injini ipate joto haraka na ikae hapo. Ukiitoa, maji yanazunguka saa zote, kompyuta inaona injini bado baridi na inaendelea kuongeza petroli. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unakunywa mafuta zaidi, unapata nguvu kidogo, na injini inazeeka mapema. Na kama gari lilikuwa linachemka kwa sababu radieta imeziba, bado imeziba.

Kazi yote ilikuwa thamostati mpya, kulanti badala ya maji ya mfereji, plagi za aina sahihi, filta, kusafisha ile sensa na mlango wa hewa, oili, na upepo wa tairi. Pia tulitoa vyuma, jeki mbili na spea za gari ambalo bro aliuza kitambo. Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, nilishika saa ya simu kutoka 50 hadi 80 mahali pale pale tulipopimia kabla ya kazi, mzigo ule ule wa magunia. Ilipungua zaidi ya sekunde mbili. Hatukuongeza farasi hata mmoja. Tuliwarudisha waliokuwa wametoroka.

Na msidhani V8 za Kimarekani hazijawahi kuletwa kwa barabara zetu. Mwaka 1964 Marekani ilileta Mercury Comet sita kwa Safari Rally, kila moja na V8 ya lita 4.7. Magari 94 yalianza, 21 yakamaliza. Kati ya zile Comet sita, mbili tu zilifika. Aliyeshinda ni Peter Hughes na Bill Young kwa Ford Cortina GT, injini ya lita 1.5, saizi ya Probox. Rally si injini peke yake, najua, kuna matope, springi na dereva. Lakini mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 ya mkono wa pili. Joginder alikuwa ameshika spana kabla ashike usukani wa rally, na mimi naamini hiyo ndiyo ilikuwa turbo yake.

Ukishamaliza hayo yote na bado unataka zaidi, sawa. Hedas nzuri, kazi ya silinda hedi kwa fundi mwenye mashine, kompyuta irekebishwe. Tegemea farasi wachache kwa pesa nyingi. Ukiwa na injini ndogo hakuna njia ya mkato, na anayekuuzia stika ya “pawa” anakuuzia stika.

Pesa ya eksosi bado ilikuwa kwa simu. Bro alinunua padi za breki za mbele na tairi mbili, akabakiwa na mia nane. Embe zinaanza Novemba.