Malta, kisiwa kifundishacho Kiingereza bila kuacha lugha yake

Katikati ya bahari ya Mediterania, yapata kilometa 90 kusini ya kisiwa cha Sicilia, iko nchi ndogo iitwayo Malta. Visiwa vyake vyote pamoja ni kilometa za mraba 316 tu, ukubwa ulio karibu na ule wa Idjwi yetu ya ziwa Kivu. Haina mto wa kudumu, wala mlima wa kuitwa mlima. Ina mawe ya rangi ya asali, jua kali, na watu zaidi ya nusu milioni. Lakini kila mwaka, toka mwezi wa sita hata mwezi wa nane, njia za Sliema na San Ġiljan hujaa vijana wa miaka 13 hata 17, mifuko mgongoni. Wametoka Italia, Ufaransa, Ujerumani, Polandi, Hispania, hata Uturuki. Wamekuja kujifunza Kiingereza.

Labda utauliza: kwa nini wasiende Uingereza kwenyewe? Wengi huenda, na miji ya pwani kama Brighton na Bournemouth imezoea kuwapokea. Lakini Malta nayo ilitawaliwa na Waingereza toka mwaka 1800 hata ilipojitawala tarehe 21 Septemba 1964, na Kiingereza kimebaki lugha ya serikali pamoja na Kimalta. Kwa hiyo mtoto hukisikia dukani, katika basi na shuleni, tena chini ya jua ambalo Waingereza wenyewe hulitamani.

Siku ya kwanza mwanafunzi hupimwa, apate kuwekwa katika ngazi yake. Ngazi ni sita, toka A1 hata C2, kama zilivyopangwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001. Asubuhi ni darasa. Mchana ni kuogelea au kutembea. Hupelekwa Valletta, mji ulioanzishwa na Watawa-askari wa Mtakatifu Yohane mwaka 1566, na Mdina, mji wa kale wenye kuta na ukimya. Huko Mosta huonyeshwa kanisa ambalo bomu lilitoboa paa lake la duara tarehe 9 Aprili 1942, watu wakiwa ndani wakisali, wala halikulipuka.

Jioni wengine hulala katika mabweni, wengine katika nyumba za wenyeji. Kwa maoni yangu, shule iliyo bora ni hiyo ya nyumbani. Mama wa nyumba huuliza: Leo mmeona nini? Mtoto hana budi kujibu, na habari ya lile bomu lazima itoke kwa maneno machache aliyo nayo. Tena ukarimu huo si wa jana. Kitabu cha Matendo ya Mitume chasimulia jinsi Mtakatifu Paulo na wenzake, watu 276, walivyovunjikiwa na merikebu mbele ya kisiwa hicho, na wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Lugha yao ilikuwa ngeni, lakini moto ulieleweka na wote.

Sasa tuhesabu kama wazazi watoao fedha. Kozi ya kawaida ina vipindi 20 kwa juma, kila kipindi dakika 45. Ndiyo saa 15. Majuma mawili ni saa 30. Nani amepata kujua lugha kwa saa 30? Anayekuahidi hivyo anakudanganya. Faida ya safari ni nyingine: mtoto hupoteza haya. Shuleni kwao alijua kanuni zote za kitenzi, lakini aliogopa kufungua kinywa. Huko Mpolandi anataka mpira ulio mikononi mwa Mhispania. Hawana lugha nyingine ya kuombana, na hakuna wa kumcheka mwenzake, kwa kuwa wote wanakosea pamoja. Lakini kama darasani wamejaa watoto wa nchi moja, watasema lugha ya kwao toka asubuhi hata usiku, na fedha imepotea. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huuliza kwanza: mtoto wangu atakaa na nani, darasani na mezani?

Liko jambo lingine Malta, nalo latuhusu sisi sana. Wenyeji hao wauzao Kiingereza kwa wageni, nyumbani mwao husema Kimalta, lugha ya jamii moja na Kiarabu, iandikwayo kwa herufi kama zetu. Sikiliza wanavyohesabu: sitta, sebgħa, disgħa. Je, si sita, saba na tisa? Kitabu ni ktieb, mfalme ni sultan, na wakiagana husema saħħa, yaani siha. Zamani wasomi waliidharau lugha hiyo, wakaiona ya jikoni na ya mashua. Mahakamani na katika maandiko walitumia Kiitaliano. Padri Dun Karm Psaila naye alitunga kwanza mashairi ya Kiitaliano. Toka mwaka 1912 akatunga kwa Kimalta, na maneno ya wimbo wa taifa ni yake. Mwaka 1934 Kimalta kikawa lugha ya serikali, na mwaka 2004, Malta ilipoingia Umoja wa Ulaya, kikawa mojawapo ya lugha za Umoja huo.

Kwetu nako wazazi wa Bunia na Butembo huwavusha watoto mpaka Uganda ili wapate Kiingereza. Wanafanya vema, maana lugha ya jirani ni mlango wa biashara na wa elimu. Lakini wako watoto warudio likizo wakimjibu bibi yao kwa Kiingereza, na baba hucheka kwa fahari, huku bibi akikaa kimya kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mtoto wa Malta humhudumia mgeni kwa Kiingereza, kisha humgeukia bibi yake na kumwamkia kwa Kimalta. Basi wetu naye akirudi toka Kampala, tumwombe kwanza amsimulie bibi safari yake, kwa lugha ambayo bibi anaielewa.