Tuliomba Mvua, Pipa Likabaki na Magunzi

Leo sitakuhubiria sana. Nina jambo la kukiri, na ni la aibu kidogo, kwa hivyo nivumilie.

Wewe ambaye hukai huku Machakos, jua kwamba mvua tunayoitegemea zaidi ni hii ya Oktoba hadi Desemba. Ile ya Machi inakuja ikitaka, na inaweza kukuacha mahindi yakiwa magotini. Sasa mwaka huu Oktoba imeisha tukiangalia mawingu yakipita kwenda kwa wengine. Tukatangaza kufunga siku tatu, na Ijumaa mkesha. Nilihubiri juu ya Eliya pale Karmeli, jinsi alivyomrudisha mtumishi wake mara saba kuangalia upande wa bahari. Kanisa liliwaka moto. Nilipoteza sauti.

Siku ile ya mkesha, mchana, mama mmoja mzee wa kanisa letu alikuwa amekuja kuniona. Ni mjane, anaishi na wajukuu wawili, na miguu yake inamsumbua. Akaniambia, "Pasta, nina pipa nililoletewa na kijana wangu. Kanisa linaweza kunisaidia na gata ya upande mmoja tu wa nyumba? Mvua ikija nipumzike kwenda mtoni."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mama, tuombe mvua kwanza. Mungu akifungua mbingu, hayo mengine ni madogo." Nikamshika mikono, nikamwombea, akasema amina, akaenda zake polepole na fimbo yake. Mimi nilijiona nimemhudumia vizuri kabisa.

Mvua ikaja Jumanne usiku. Mabati yalipiga kelele hata mimi na mama mchungaji hatukusikilizana. Nilishuka kitandani nikapiga magoti nikalia. Asubuhi nikatoka nje nione wema wa Bwana, nikakuta maji yamechimba mtaro kutoka pembe ya nyumba, yakapita katikati ya kitalu cha sukuma, yakaishia barabarani. Maji yaliyobaki kwa boma la mchungaji yalikuwa kwenye bakuli la mbwa. Sikutanii.

Wiki mbili baadaye jua lilikuwa limerudi, na mimi nanunua maji ya mkokoteni wa punda, shilingi 20 kwa mtungi wa lita 20. Halafu nikasikia yule mama ameteleza akitoka mtoni, mtungi ukiwa mgongoni, akaumia mkono. Tukaenda na wazee wawili kumwona. Pipa lake lilikuwa limesimama kwenye ukuta, chini ya paa, mahali maji ya mvua ile yalikuwa yameanguka hatua moja tu kando. Wajukuu walikuwa wamelijaza magunzi ya mahindi. Mama hakuniambia neno lolote kuhusu gata. Alituwekea chai, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Nilikunywa ile chai nikijua maji yake yametoka wapi.

Usiku nikafungua Biblia. Nilikuwa nimesimama kwa Eliya, sasa nikaendelea mbele kwa Elisha. Soma 2 Wafalme 3 leo ukipata nafasi. Wafalme watatu wako nyikani, hakuna maji, na neno la kwanza wanaloambiwa ni kuchimba mitaro kila mahali bondeni, wakati hakuna upepo wala mvua. Sura inayofuata, yule mjane wa mafuta anatumwa kwa majirani kuazima vyombo vitupu, na mafuta yanakoma siku hiyo hiyo vyombo vinapoisha. Mpendwa, nimehubiri sura hizo mbili mara nyingi. Sikuwahi kuona kwamba mjane wangu alikuja ofisini akiwa tayari na chombo.

Binti yangu wa gredi ya saba ndiye aliyenipigia hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Upande mmoja wa paa letu ni mita 6 kwa 4, yaani 24. Mvua ya milimita 20, ambayo ni usiku mmoja mzuri tu, inaleta lita 480. Toa moja ya tano inayoruka na kumwagika, unabaki na lita 380 hivi. Hiyo ni mitungi 19. Akaniuliza, "Baba, ni pesa ngapi kwa yule mtu wa punda?" Nikamwambia aende alale.

Nilianza na pipa la kwangu, nikiharibu niharibu la kwangu. Hili la plastiki la lita 210 unalipata sokoni, lakini muulize muuzaji lilibeba nini. Kama lilibeba dawa za shamba au kemikali za kiwandani, liache hata akupunguzie bei. Langu lilikuwa la sharubati, nikaliosha kwa sabuni na maji moto mara tatu. Kwa bomba, tulitoboa tundu kama upana wa kiganja juu ya sakafu ya pipa, ili uchafu utulie chini usizibe. Mara ya kwanza likavuja, kwa sababu niliweka mpira upande wa nje peke yake. Weka ndani na nje, halafu ukaze nati.

Jukwaa usilifanyie mzaha. Pipa likijaa ni kilo zaidi ya 200, na watoto hupenda kucheza pale penye maji. Tulipanga mawe ya kuchonga kwenye ardhi iliyoshindiliwa, juu kiasi cha kuingiza ndoo chini ya bomba. Gata iinamie upande wa pipa, sentimita moja kwa kila mita inatosha. Ikilala sawa maji yatasimama humo na utafuga mbu. Mdomo wa pipa funga wavu wa mbu, na juu yake kifuniko kizito ambacho mtoto hawezi kuinua. Hapo sitanii, pipa lililo wazi linaweza kuchukua mtoto. Halafu toboa tundu la kupumulia karibu na juu, uweke paipu ipeleke maji ya ziada kwenye mpapai au ndizi.

Mvua ya kwanza baada ya jua refu usiiweke. Inaosha vumbi na mavi ya ndege. Geuza paipu pembeni dakika chache, kisha uirudishe. Na hata yakionekana safi, haya ni maji ya bustani. Ya kunywa ni mpaka uchemshe au utie dawa.

Alhamisi ilinyesha kama nusu saa, pipa likajaa. Tuna magunia mawili ya sukuma na kitanda kimoja cha managu, tunatumia mtungi mmoja kwa siku, jioni, kwa mkebe, kwenye shina na si kwenye majani. Udongo tumeufunika nyasi kavu. Kwa hivyo pipa moja linatupa karibu siku kumi za kungoja mvua nyingine. Si mengi, lakini mama mchungaji ameacha kunyunyizia mboga maji ya vyombo.

Kwa yule mama nimeshaenda. Nilimwomba msamaha mbele ya wale wazee wawili, kwa sababu nilimrudisha mikono mitupu nikitumia jina la Bwana. Akacheka akasema, "Pasta, leta hiyo gata kabla Desemba haijaisha."

Tunaifunga Jumamosi hii saa tatu asubuhi. Fundi ameshakunja mabati, na sadaka ya wiki iliyopita imelipa. Kimebaki kipande cha paipu ya kuteremsha maji, kama mita mbili, na wavu. Kama unavyo nyumbani na havina kazi, njoo navyo. Vijana, tunahitaji mikono ya kubeba mawe. Na kila mtu aje na maji yake ya kunywa, mama asitupikie chai na ya mtoni tena.