Toka Mbeya Hata Iringa, Tazama Mbuzi Wanakula Nini

Ukipanda basi asubuhi Mbeya kwenda Iringa, usisinzie. Mimi karani wa parokia nimepita njia ile mara nyingi, makaratasi mapajani, nisione kitu ila magari. Nilifumbua macho mwaka ule mbuzi wangu watatu walipokufa.

Ukifika Igurusi na Chimala, katika nchi ya joto ya Usangu, utaona mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wakichuma majani ya migunga. Usiwacheke. Mbuzi si ng'ombe, yeye ni mla vichaka. Mayai ya minyoo hutoka na mavi, huanguliwa, na watoto wao hupanda majani mafupi yenye umande. Basi mbuzi anayekula juu huwakwepa. Tena migunga ina tanini, kitu kile kinachokaza ulimi ukitafuna pera bichi, nayo huwadhoofisha minyoo tumboni.

Minyoo walio wabaya zaidi hukaa katika tumbo la nne wakinyonya damu. Funua kope la chini la mbuzi: likiwa jekundu, vema; likiwa jeupe, na chini ya taya pamevimba, yu hatarini. Wangu walikuwa hivyo, nami nikadhani ni njaa, nikazidi kuwafunga bondeni penye nyasi mbichi! Ada ya shule ya mtoto ilikwenda nao.

Makambako baridi hukupiga, na njia ya Njombe huachana nasi. Huko ndiko kwenye kampuni ya miwati iliyoanzishwa mwaka 1949. Magome yake hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamewanywesha kondoo na mbuzi tanini ya miwati, wakahesabu mayai ya minyoo katika mavi.

Lakini usikimbilie kuchemsha magome. Tanini ikizidi, mnyama hukataa chakula na kukonda. Mimi huchanganya majani ya kaliandra kidogo na malisho mengine, nayaning'iniza kwa kamba juu ya zizi, wala siwatoi mbuzi kabla umande haujakauka. Dawa ya bwana mifugo sikuiacha, ila siwapi wote ovyo, maana minyoo huizoea.

Kila Jumamosi natazama kope. Juma lililopita, kati ya saba, mmoja alikuwa mweupe. Huyo nimempeleka kwa bwana mifugo.