Macho ya Angani, Mikono ya Mafia

Bahari huficha, na mikoko huficha zaidi. Manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijichimbia katika delta ya Rufiji, mbali na upeo wa macho ya adui. Waingereza waliziba midomo ya mto kwa merikebu zao. Lakini merikebu haioni nyuma ya msitu. Ikawabidi watafute macho mengine.

Macho hayo yalikuwa warushaji wa jeshi la majini. Wa kwanza, Dennis Cutler, alikuwa raia aliyechukuliwa Durban na ndege yake ya kuelea majini. Mwezi Novemba aliiona manowari. Desemba injini ikamzimikia, akatekwa. Ndege zilizoletwa Februari 1915 zilishindwa na joto na unyevu wa pwani: gundi iliachia, mbao zikapinda, nazo hazikupaa ipasavyo.

Ndipo Mafia ikaingia katika habari hii. Kisiwa kilikuwa kimetwaliwa Januari. Wenyeji wakakata miti na kusawazisha ardhi, na ndege za magurudumu zikapata pa kuondokea. Mwewe wa turubai aliruka kwa sababu mtu mwenye shoka alimtangulia.

Tarehe 11 Julai, mizinga ya Severn na Mersey ilirusha makombora juu ya msitu, na wapiga mizinga hawakuuona mlengwa wao. Juu yao walikuwa John Cull, aliyeshika usukani, na H. J. Arnold, aliyetuma kwa simu ya upepo mahali lilipoanguka kila kombora: karibu mno, mbali mno, kulia, kushoto. Injini ikapigwa. Ndege ikishuka bila nguvu, Arnold hakuacha kutuma. Wakaanguka mtoni, ndege ikapinduka, wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ikaangamia.

Wajerumani waliiopoa mizinga yake na kuikokota bara, vita vikaendelea hadi mwaka 1918. Mmoja umo Fort Jesus, Mombasa, na wageni huupapasa chuma chake. Majina ya Cull na Arnold yamehifadhiwa vitabuni. Waliofyeka uwanja wa Mafia hawakuachiwa chuma wala ukurasa. Nao, kama si jasho lao, macho yale yangebaki yamefumba.