Mwalimu Mgeni Katika Baridi ya Njombe

Neno “kujitolea” si geni masikioni mwa wananchi wa nchi hii. Wapo waliojitolea kuchimba mitaro ya maji, wapo waliofyatua matofali ya shule, na wapo waliobeba mawe vichwani ili kijiji chao kipate zahanati. Lakini yuko mtu wa kujitolea wa namna nyingine, ambaye sisi wakazi wa mijini humwona kwa nadra. Huyu ni kijana wa nchi ya mbali, aliyewaacha wazazi wake na kazi yake akaja kuishi miaka miwili katika kijiji asichokijua. Wengi hudhani kwamba maisha yake ni ya raha tupu, kwa kuwa mgeni hukirimiwa. Mwezi Julai 2019 mwandishi wa makala haya alifunga safari hadi Njombe kuyaona maisha hayo kwa karibu.

SAFARI YA NYANDA ZA JUU

Basi huondoka Dar es Salaam alfajiri. Huipita Morogoro, likakatiza mbuga ya Mikumi, kisha likashuka Ruaha Mbuyuni, ambako wachuuzi hulizunguka na vikapu vya vitunguu. Baada ya hapo huanza kuukwea mlima Kitonga kwa mwendo wa kinyonga, huku abiria wakitazama korongoni na kunyamaza. Mbele ya Iringa iko Mafinga na misitu yake ya misonobari, na mbele ya Mafinga iko Makambako, mahali ipitapo reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Hapo barabara ya Songea hukata kushoto, na baada ya kiasi cha kilomita 60 msafiri huwa amefika Njombe.

Mji huu uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Julai baridi yake haina mzaha. Asubuhi sakitu huwa imetanda mabondeni, na mkulima wa viazi huyatazama majani ya shamba lake kwa wasiwasi. Kandoni mwa barabara imesimama miti ya miwati, ambayo magome yake hutumika katika kutengeneza ngozi, na mianzi ambayo wakati wa mvua hugemwa ulanzi. Wenyeji, Wabena, humsalimu kila apitaye: “Kamwene!”

Katika kijiji kimoja cha mkoa huo alikuwapo mwalimu wa fizikia na hisabati, mwanamke wa miaka 28 kutoka Japani. Alikuja chini ya mpango wa serikali ya nchi yake wa kuwapeleka vijana ng'ambo, ulioanzishwa mwaka 1965. Kundi la kwanza la mpango huo lilikwenda Laos mwaka ule ule. Mwalimu huyu alikianza Kiswahili kwao, katika kituo cha mafunzo cha Komagane mkoani Nagano, akakiendeleza kwa kuuliza jina la kila kitu alichokiona sokoni.

LUGHA TATU, SOMO MOJA

Jambo la kwanza lililomtatiza lilikuwa lugha. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, kisha akafika shuleni na kukuta kibao ukutani kikiamuru Kiingereza kitumike. Wanafunzi wake walikuwa wamesoma miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe Kiingereza alikipata darasani tu, kama wao. Basi akawa anafikiri kwa Kijapani, anafundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wanajaribu kuelewa kwa Kiswahili. Alipouliza kama wameelewa, darasa zima liliitikia kwamba limeelewa. Aliposahihisha madaftari, alikuta sentensi zake zimenakiliwa neno kwa neno, na hesabu zimekosewa zote.

Darasa lenyewe lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 70. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani walipata nafasi ya kusoma. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini madawati na walimu wa sayansi hawakuongezeka kwa kasi hiyo, na wanafunzi waliokaa nyuma walikuwa wakinyoosha shingo ili waone ubao.

Kisha kulikuwa na kabati la maabara. Ndani yake mlikuwa na vifaa vya umeme, lenzi na mizani, vingine havijatolewa katika maboksi yake. Ufunguo ulikuwa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa safarini. Mgeni wetu alisubiri wiki tatu. Aliporudi mwenye ufunguo ilibainika kwamba alikuwa akilifunga kabati kwa nia njema, kwa kuwa kifaa kikivunjika yeye ndiye angedaiwa. Hivyo vifaa vilibaki salama, na wanafunzi wakaichora mizani wasiyopata kuishika.

NYUMBANI NAKO

Maisha ya nyumbani nayo yalikuwa na mitihani yake. Bomba lilitoa maji siku lilipotaka. Mkaa ulikuwa mbichi, na jiko likawaka kwa moshi. Watoto walimwita “Mchina!” kila alipopita. Mwanzoni alisimama na kuwaeleza kwamba Japani ni nchi nyingine. Baada ya miezi kadhaa aliacha, akawa anapunga mkono tu.

Lililomchosha zaidi ni kwamba hakupata saa moja ya kuwa peke yake. Siku ya Jumapili alipojifungia ndani asome, jirani alibisha hodi, akafuata wa pili, na wa tatu akaja na uji. Kwa mawazo yake hao walikuwa wanamsumbua. Kwa mawazo yao, mtu anayejifungia mchana kutwa ama ni mgonjwa ama ana huzuni, na kumwacha hivyo ni ukatili. Vivyo hivyo, walimu wenzake walimwona ana majivuno, kwa kuwa asubuhi alikwenda moja kwa moja darasani bila kuwasalimu ofisini. Yeye alidhani anaokoa dakika tano za kipindi. Mama mmoja, mwalimu wa biolojia, alimweleza jambo hilo kwa upole. Na tangu siku alipoanza kuketi na kuuliza habari za watoto na mashamba, ufunguo wa kabati haukuwa mgumu kupatikana tena.

WA KUJITOLEA WA PILI

Lakini shuleni hapo alikuwapo mtu mwingine wa kujitolea, ambaye hakuna aliyesafiri kwenda kumtazama. Huyu alikuwa kijana wa Kitanzania mwenye shahada ya ualimu wa sayansi, aliyekuwa akingoja ajira mwaka wa tatu. Mgeni alikuwa na nyumba na posho ya kujikimu. Kijana huyu alipanga chumba kimoja, na malipo yake yalitokana na michango ya wazazi, ambayo mwezi mwingine ilikamilika na mwezi mwingine ilikuja kwa njia ya debe la mahindi.

Wawili hao walianza kufundisha pamoja. Mgeni alitayarisha majaribio. Kijana aliyaeleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili pale macho ya wanafunzi yalipoonyesha giza. Kwa betri za redio, nyaya na balbu za tochi, kila kundi la wanafunzi sita liliunda mkondo wake wa umeme. Siku hiyo balbu ya kwanza ilipowaka, kengele ya chakula ililia na hakuna aliyetoka.

Mwezi Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na vijana wa mpango ule wakaitwa kurudi Japani kabla ya muda wao. Mwalimu yule alipata siku chache tu za kufunga mizigo. Hakuwaaga wanafunzi wake, kwa kuwa walikuwa wametawanyika makwao. Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni, kijana aliendelea peke yake hadi kidato cha nne walipofanya mtihani. Mwaka uliofuata, kwa mujibu wa mkuu wa shule tuliyezungumza naye kwa simu, alipata ajira katika mkoa mwingine. Kabla ya kuondoka alimkabidhi yule mama wa biolojia ufunguo, pamoja na daftari la majaribio lililoandikwa kwa mikono miwili tofauti.

Huenda nyumbani kwako, ndugu msomaji, yuko kijana mwenye cheti anayengoja barua. Huenda pia mwanao anafundishwa na kijana kama huyo. Utakapohudhuria mkutano wa wazazi na ukasikia mchango wa mwalimu wa kujitolea ukitajwa, usiishie kuuliza ni shilingi ngapi. Uliza pia kama mwezi uliopita alilipwa.