Mizani Ipi?

Sisi washairi hulitaja neno mizani bila kuulizana linapima nini. Mshororo uliozoeleka wa tarbia una mizani 16, nane kwa nane. Neno "mtu" tunalihesabia mbili: "m" moja, "tu" moja. Hakuna silabi iliyo nzito kuliko mwenzake. Waarabu, tuliowaazima neno lenyewe, hawahesabu hivyo. Katika arudhi yao silabi ndefu si sawa na fupi.

Nilifundisha hisabati sekondari, kwa Kiingereza, hadi nikastaafu. Sasa, nikiwa hapa Nkoma, husoma maelezo ya programu ya SageMath, na humo nimekutana na suala hilohilo. Digrii ya x²y³ ni jumla ya vipeo vyake: 2 na 3, yaani 5. Kimyakimya, kila herufi imepewa uzani wa 1. Lakini mtumiaji anaweza kuipa x uzani wa 2 na y uzani wa 3. Hapo kila kipeo huzidishwa kwa uzani wa herufi yake: 4 na 9, jumla 13. Nayo x³ + y², ambayo vipande vyake vilikuwa na digrii 3 na 2, sasa ina 6 kila upande, kama vipande viwili vya mshororo uliotimia.

Ukiiuliza programu digrii ya polinomia nzima, jibu hufuata uzani uliowekwa. Ukiuliza digrii ya herufi moja, uzani hauhesabiwi. Maelezo yanalitamka hilo kwa sentensi fupi. Bila sentensi hizo, kijana angeona 13 alipotarajia 5, akadhani hajui hesabu.

Mkulima wa pamba wa Simiyu hahitaji kufafanuliwa sana. Kilo 50 hazimwambii malipo yake mpaka ajue ngapi ni safi na ngapi ni fifi.

Husemwa kwamba Kiswahili kimekosa istilahi za hisabati ya juu. Mimi naona uzani na mizani, ndugu wa shina moja, tunao tangu zamani. Tulichopungukiwa ni mazoea ya kutamka tunapimia mizani ipi. Napendekeza "digrii" ibaki kuwa jumla ya vipeo, na ile nyingine iitwe "digrii ya uzani". Mwenye neno bora zaidi na alilete, tulipime.