Kinawaka, Lakini Je, Kinalia?

Mwaka jana niliamua kuuza kinanda changu cha umeme, Juno-106 ya kampuni ya Roland ya Japani, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1984. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kukifungasha. Kumbe kazi ilikuwa kuchagua maneno.

Kabla ya kuandika tangazo nilisoma ya wenzangu mtandaoni ili nijue bei. Niliyasoma kama tusomavyo mashairi, neno kwa neno, nikitafuta pia lililoachwa. Mmoja aliandika “nadra sana”, ilhali vinanda hivi vilitengenezwa kwa maelfu na havikauki sokoni. Mwingine aliandika “kinawaka”, na picha ikaonesha taa nyekundu. Lakini kuwaka si kulia. Taa hushuhudia umeme tu. Wa tatu alisema “hakijajaribiwa”, na hali kukijaribu kwahitaji waya mmoja na spika. Bei walizoomba zilinivimbisha kichwa, mpaka nilipotazama vilivyokwisha kuuzwa. Bei iombwayo siyo bei ilipwayo.

Neno lililonisumbua zaidi ni “asilia”. Juno-106 ina sauti sita, yaani hupiga noti sita kwa pamoja, na kila sauti hupitia chipu yake. Chipu hizo zilifunikwa kiwandani kwa gundi nyeusi ambayo, kadiri miaka ipitavyo, huvujisha umeme pasipotakiwa. Sauti hukwaruza, hung’ang’ania, au hunyamaza. Mafundi huiyeyusha gundi hiyo kwa asetoni, ama huweka chipu mpya za watengenezaji wengine. Basi kinanda chenye chipu zake za kwanza ni cha asili, ila huenda ni kibovu. Kilichobadilishwa chipu ni kizima, ila si cha asili chote. Asili na uzima ni sifa mbili, na muuzaji mjanja huitaja moja ili msomaji aidhanie na ya pili.

Nikaketi mbele ya changu. Nikabonyeza kibonyezo kimoja mara sita, polepole, kila mbonyezo ukiita sauti inayofuata, kama mtu ahesabuye mizani kwa vidole. Nne za kwanza zikalia sawasawa. Ya tano ikakwaruza. Ya sita safi. Miaka yote niliyokipiga sikuwahi kuitambua, kwa kuwa sauti yenye kilema hujificha kati ya wenzake, kama mshororo uliopungua mizani unapoghaniwa kwa haraka.

Hapo ndipo nilipojaribiwa. “Cha asili, hakijawahi kufunguliwa.” Kila neno lingekuwa kweli, na tangazo zima lingekuwa uongo.

Nikaandika: “Chipu zote ni za kiwandani. Sauti ya tano inakwaruza. Kinahitaji fundi.” Nikaambatisha rekodi ya ile mibonyezo sita, nikapunguza bei. Siku tatu pakawa kimya, nami nikaanza kujuta. Ya nne, mtu akaniandikia mstari mmoja tu: “Nimeisikia ya tano; nakichukua.”

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Changu hakikuwa kizuri kikamilifu, lakini sikukitembeza.